Mageuko ya Viumbe na Historia ya Ugogo: Funzo Kutoka Haneti

Tunapozungumzia historia ya Ugogo, mara nyingi tunaanza na misafara ya pembe za ndovu, tunapita kwa Wajerumani na Waingereza, kisha tunafika kwenye Uhuru. Lakini wakulima na wafugaji wa Haneti, kaskazini mwa Dodoma, wanaishi ndani ya historia ndefu zaidi ya hiyo. Imo katika nundu ya ng'ombe, katika suke la uwele na katika damu ya watu wenyewe. Katika makala hii tunakusudia kueleza misingi ya mageuko ya viumbe kwa mifano ya nyanda hizi, na kuonyesha jinsi nadharia hiyo ya sayansi ilivyopotoshwa ili kuhalalisha unyonyaji.

MISINGI MITATU

Fikra za Charles Darwin na Alfred Russel Wallace juu ya uteuzi asilia zilisomwa pamoja mjini London mwaka 1858, na mwaka uliofuata Darwin akatoa kitabu chake. Misingi yake ni mitatu. Kwanza, viumbe wa aina moja hawafanani kabisa. Pili, baadhi ya tofauti zao hurithiwa na watoto. Tatu, wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi hadi kuzaa; na wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huacha wazao wengi zaidi. Vizazi vikipita, sifa hizo huenea katika kundi zima.

Hapa hakuna mpangaji, wala matakwa ya mnyama hayana nguvu. Ng'ombe aliyezoeshwa kiu hamrithishi ndama wake mazoea hayo. Tena neno "bora" halina maana ya kudumu. Sifa inayomfaa mnyama wa Haneti, ambako mvua ni ya msimu mmoja na kiangazi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka, huenda ikawa haina faida yoyote Bukoba.

KAZI YA BINADAMU NA MWILI WA BINADAMU

Mfano ulio karibu nasi kabisa ni maziwa. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kinachoivunja sukari ya maziwa tumboni. Kwa wanyama wote wanyonyeshao, na kwa watu wengi duniani, kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na mtu mzima akinywa maziwa mabichi kwa wingi tumbo humsumbua. Lakini katika jamii za wafugaji wako watu wazima wengi wasiopatwa na taabu hiyo.

Mwaka 2007 wanasayansi wakiongozwa na Sarah Tishkoff walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba badiliko la jeni linalowawezesha wengi wa watu hao wa Tanzania na Kenya kunywa maziwa si lile la Wazungu. Lilizuka peke yake hapa Afrika, na lilikadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800. Muda huo unalingana na kuenea kwa ufugaji kutoka kaskazini kuja hadi nyanda zetu. Mahali pawili, watu wawili tofauti, mabadiliko mawili tofauti ya jeni, lakini tokeo moja, kwa sababu kazi ilikuwa moja: kufuga na kukamua.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, binadamu aliyabadili maisha yake kwa kazi, na maisha hayo mapya yakageuka kuwa kipimo cha uteuzi juu ya mwili wake. Maziwa hayakulizalisha badiliko hilo. Lilizuka kwa bahati, ila penye ng'ombe na njaa lilikuwa na faida, ndiyo maana likaenea. Wala akili haikukaa ikingoja jeni: maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu hupungukiwa na ile sukari, na hata asiye na badiliko hilo huyatumia bila shida kubwa. La pili, badiliko hilo moja limekutwa kwa wasemao lugha za Kikushi, za Kinailoti na za Kibantu, na hata kwa Wasandawe. Watu walioana na kurithishana. Anayehubiri ukabila kwa jina la damu, damu yenyewe inamkanusha.

MTAMA, UWELE NA NG'OMBE

Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan, na uwele ukingoni mwa Sahara huko Afrika Magharibi. Nafaka hizo zilisafiri mkononi mwa wakulima, na kila palipopandwa ukame uliangamiza mimea dhaifu, naye mkulima akachagua masuke ya kuweka mbegu. Hapo uteuzi wa asili na uteuzi wa mwanadamu vilifanya kazi pamoja. Hali kadhalika ng'ombe wa nundu, ambaye asili ya nundu yake ni Asia ya Kusini: ni mdogo, maziwa yake ni machache, lakini hustahimili jua, kiu na majani makavu.

Wakoloni waliyapuuza hayo wakaadhibiwa na maumbile. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Matrekta hayakuweza kuuamuru udongo unaokauka kama saruji, wala kuileta mvua. Kinyume chake, kituo cha mifugo cha Mpwapwa kilichanganya damu ya ng'ombe wetu na ya ng'ombe wa Asia na Ulaya, kikapata ng'ombe wa Mpwapwa, wenye maziwa zaidi huku wakiendelea kustahimili nchi kavu.

UPOTOSHAJI WA MABEBERU

Karl Marx alikipokea vizuri kitabu cha Darwin, lakini mwaka 1862 alimwandikia Engels akistaajabu jinsi Darwin alivyoiona jamii ya Kiingereza, pamoja na ushindani wake wa masoko, katikati ya wanyama na mimea. Wengine waligeuza mambo. Walichukua msemo wa Herbert Spencer wa mwaka 1864 juu ya kudumu kwa wanaofaa zaidi, wakautumia kudai kwamba tajiri ni tajiri kwa maumbile, na kwamba mtawaliwa hutawaliwa kwa sababu ni dhaifu.

Tuipime hoja hiyo kwa Mtunya, njaa kuu iliyowapata Wagogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake. Makadirio ya wakati ule yalisema watu 30,000 walikufa kati ya 150,000. Ukame ulikuwepo, lakini ukame haukuwa mgeni Ugogo. Kilichokuwa kigeni ni majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walioingia Dodoma Julai 1916 wakaendelea kuchukua. Mkulima alibaki bila akiba, bila mifugo ya kubadilishana kwa chakula, na bila nguvukazi ya shambani.

Je, huo ulikuwa uteuzi asilia? Tuurudie msingi wa pili: sifa lazima irithiwe. Kuporwa ghala hakurithiwi katika damu. Kuwa na kijiji mbali na njia ya jeshi hakurithiwi pia. Waliokufa hawakuwa na miili duni kuliko waliopona, waliporwa. Kuiita njaa hiyo kazi ya maumbile ni kumficha mporaji nyuma ya mawingu.

FUNDISHO

Kwanza, mbegu za asili na mifugo ya asili ni hazina iliyokusanywa kwa maelfu ya miaka. Mbegu ya kisasa ikija, ipimwe kwenye udongo wetu, na ile ya zamani isitupwe, maana hakuna ajuaye ukame wa kesho utahitaji sifa ipi. Pili, uteuzi unaendelea hata pasipo mpango: mfugaji anayeuza dume lake zuri kila mwaka na kumbakiza hafifu zizini analishusha kundi lake kwa mkono wake mwenyewe. Tatu, maumbile yana sheria zake na jamii ina zake. Mvua ikikosekana, hilo ni la maumbile. Mtu akifa njaa huku ghala la jirani limejaa, hilo ni la jamii, na ni wajibu wa jamii kulitafutia majibu.