Asili ya neno "second" na hoja ya lugha ya mchanganyiko

Katika mijadala yetu ya isimu, mtu anayetaka kuthibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya mchanganyiko huanza mara nyingi na namba. Husema: sita, saba na tisa ni za Kiarabu, je, lugha iliyokopa hata namba za kuhesabia vidole ina asili gani? Kabla ya kumjibu, yafaa tulichunguze neno moja la Kiingereza, lugha ambayo uanachama wake katika jamii ya lugha za Kigermaniki hauna mashaka.

Neno hilo ni "second", yaani "-a pili". Tukilinganisha "three" na "third", au "four" na "fourth", twaona ujenzi ulio wazi. Lakini kati ya "two" na "second" hakuna ufanano wowote. Katika Kiingereza cha kale, kazi hiyo ilifanywa na neno ambalo leo huandikwa "other". Neno hilo moja lilibeba maana mbili: "mwingine" na "wa pili". Watu wakiwa wawili, hakuna tatizo. Wakiwa watatu au zaidi, msikilizaji hajui kama anatajwa yule anayefuata wa kwanza, au yeyote kati ya waliobaki. (Sisi tusemao "mtu mwingine" na "mtu wa pili" hatuna taabu hiyo.) Kidenmarki na Kiswidi hadi leo huvumilia utata huo. Kijerumani kilijitengenezea "zweite" kutokana na "zwei". Kiingereza nacho kingaliweza kufanya vivyo hivyo, ila historia ilikipeleka kwingine.

Mwaka 1066 William wa Normandie aliitwaa Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na baadaye ya mahakama. Mnamo mwaka 1300 hivi, "second" limekwisha kuonekana katika maandishi ya Kiingereza. Polepole likalisukuma "other" kando, lisibakie na maana ya zamani ila katika misemo michache, kama "every other day", yaani siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Kifaransa kilirithi neno hilo kutoka Kilatini "secundus", lililotokana na kitenzi chenye maana ya kufuata. Warumi waliliita hivyo hata pepo linalokifuata chombo kutoka nyuma, na kwa hiyo neno likabeba pia maana ya heri. Wataalamu wa zama za kati nao, walipoigawa saa katika sehemu 60, na kila sehemu tena katika 60, waliuita mgawanyo huu wa mwisho "wa pili". Ndiyo asili ya sekunde zetu.

Basi Kiingereza kilikopa namba iliyo karibu kabisa na mwanzo wa hesabu. Kiswahili, kwa upande wake, "pili" yake ni ndugu ya "mbili", na "kwanza" yatokana na kuanza, kama vile Kilatini kilivyotumia kufuata. "Kenda" lingali likifahamika kando ya "tisa", na "fungate", siku saba za arusi, limehifadhi saba ya kale. Ama "sita" yenyewe, ikitaka kuonyesha mpangilio, hailetei lugha kanuni za Kiarabu: ni mtoto wa sita, kitabu cha sita, nyumba ya sita.