Haki za Wakaao Juu na Wakaao Chini: Nyumba za Ghorofa katika Fiq-hi na Tarekhe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wapo ndugu zetu wanaodhani kuwa nyumba za ghorofa, ambamo watu hukaa familia moja juu ya nyingine, ni jambo la zama hizi, na kwamba sheria yetu haina la kusema juu yake. Tarekhe inaikanusha dhana hiyo. Msafiri wa Kifursi, Nasir Khusraw, alifika Misri mwaka 439 Hijria (1047) akaandika kuwa mji wa Fustat, ukiutazama kwa mbali, ulikuwa kama mlima, na kwamba zilikuwamo nyumba za tabaka saba na nyingine za tabaka kumi na nne. Watu walioishi hivyo waligombana kuhusu dari, ngazi na maji machafu, wakaenda kwa makadhi, na makadhi wakahukumu.

Asili ya hukumu hizo ni Sunna. Katika Hadithi aliyoipokea Nu'man bin Bashir (r.a.), Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliogawana jahazi kwa kura, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Mfano huo ni wa kukatazana maovu, lakini Imamu Bukhari ameuweka pia katika kitabu cha ushirika, kwa kuwa ndani yake mna fiq-hi ya wanaoshirikiana mahali.

Wanavyuoni wakaja na ufafanuzi. Majallat al-Ahkam al-Adliyya, iliyokusanywa na dola ya Kiothmani baina ya 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, inaeleza katika kifungu cha 1192 kuwa mwenye ghorofa ya juu ana haki ya kutegemea jengo la chini, na mwenye chini ana haki ya kusitiriwa na la juu kutokana na jua na mvua. Basi hapana kati yao awezaye kufanya linalomdhuru mwenzake bila ya idhini yake, ingawa ni katika milki yake mwenyewe. Na Wamaliki wamesema kuwa jengo la chini likichakaa, mwenyewe hulazimishwa alitengeneze au amuuzie atakayelitengeneza.

Ama ukuta ulioinama, Mahanafi wamesema mwenyewe akishaonywa, ukapita muda wa kutosha kuubomoa naye asiubomoe, basi ukianguka yuko juu yake udhamini. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa ukuta uliojengwa wima kisha ukainama wenyewe hauna udhamini; bali mlizamu uliotokezwa njiani, ukianguka na kudhuru, mwenyewe hulipa ijapokuwa kuuweka ni halali. Lakini msomaji asichanganye mambo mawili: kuondokewa na fidia mbele ya kadhi si kuondokewa na dhambi mbele ya Mola.

Tena makadhi hawakuhukumu kwa kukisia. Huko Tunis, katika karne ya 8 Hijria, Ibn al-Rami alikuwa fundi mwashi aliyetumwa na kadhi kukagua kuta na mifereji, naye akatunga kitabu al-I'lan bi-Ahkam al-Bunyan. Neno la fundi mjuzi lilikuwa ushahidi.

Kwa misingi hiyo tunawausia wakaao katika fleti:

Kwanza, asibomoe mtu ukuta wala kuchimba nguzo kwa kupanua chumba mpaka fundi mjuzi aseme. Huko ni kutoboa jahazi.

Pili, moto. Ilipoungua nyumba Madina usiku, Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu kuwa moto ni adui wauzime walalapo. Leo hiyo ni kufunga mtungi wa gesi na kubadilisha nyaya chakavu.

Tatu, roshani na paa viwe na ukingo, kwani imekuja Hadithi inayomwondolea dhima alalaye juu ya nyumba isiyo na kizuizi.

Nne, bomba likivuja au ufa ukitokea, mwenye nyumba aarifiwe kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Na ngazi zisizibwe kwa mizigo, kwani ni njia ya wote.

Mwezi Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, jirani na msikiti, wakafa watu 36. Baada ya msiba kama huo husemwa: ni kadari. Naam, ni kadari, na kuiamini ni nguzo ya imani. Lakini mafakihi walioandika milango ya udhamini waliiamini kadari kuliko sisi, na hawakuifanya kuwa hoja ya aliyeonywa akanyamaza. Maimamu wayaseme haya mimbarini kabla ya jengo kuanguka, si katika matanga tu.

Wallahu a'lam.