Neno "Beni" na Maana ya Furaha katika Katanga

Neno la Kiingereza "merriment" aghalabu hufasiriwa kwa neno furaha. Fasiri hiyo ina upungufu. Furaha, neno lenye asili ya Kiarabu, ni hali ya moyo, na mtu aweza kufurahi peke yake. Neno la Kiingereza hutaja furaha inayosikika na kuonekana, ya watu waliokusanyika. Kiswahili kina shangwe, nderemo na hoihoi. Lakini historia ya Katanga yaonyesha jina jingine lililoibeba maana hiyo, nalo ni beni.

Beni limetokana na neno la Kiingereza "band", yaani kundi la wapiga muziki. Ngoma hiyo ilizuka katika pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890, vijana walipoiga gwaride na tarumbeta za kizungu. Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma za Afrika Mashariki, ameeleza jinsi askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918 walivyoieneza bara. Hatimaye ilifika Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Lubumbashi tangu 1966. Katika ukanda wa shaba jina hilo lilitamkwa pia mbeni.

Safarini maana ilipanuka. "Band" ni wapigaji tu. Beni ni wapigaji, wachezaji, mavazi, vyeo vya kina kingi na jenerali, na chama chenyewe. Wanachama walisaidiana katika ugonjwa na mazishi. Kwa kibarua aliyekuwa mbali na ukoo wake, furaha ya Jumapili na sanda ya maiti zilitoka katika mfuko mmoja.

Wakoloni waliona ama mchezo ama njama. Baada ya mgomo wa 1935 katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ambapo wafanyakazi sita waliuawa Luanshya, tume ya serikali iliichunguza mbeni pia. Ngoma isiyokuwa na uzito isingechunguzwa hivyo.

Lubumbashi ya leo ina komuni saba, na Annexe ndiyo inayozizunguka nyingine sita. Mwanafunzi wa Kiswahili anayechunguza maneno ya starehe katika mji huo hana budi kuuliza si tu watu walifurahije, bali walifurahi na nani, na nani aliwazika.