Maharage Bila Kuni

Vijana wenzangu, hapa Nyarugusu tukifundisha lishe tunaanza na sahani. Historia inatuambia tuanze na kuni.

Kenya, miaka ya 1970, akina mama wa vijijini walimwambia Wangari Maathai kwamba kuni zimekuwa adimu na watoto hawapati chakula bora. Maharage yanataka moto wa muda mrefu. Kuni zikikosekana, mtu anapika kinachoiva haraka. Mwaka 1977 wakaanza kupanda miti. Mwaka 2004 Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kambi yetu ipo tangu 1996, na dada zetu bado wanafuata kuni mbali porini. Ukipewa maharage ya mgao bila kuni, utayapika na nini? Basi somo la chakula liende pamoja na mche.