Paa na Sakafu: Ushahidi wa Maneno katika Ujenzi wa Pwani

Wako wanahistoria wa pwani waliozoea kulichukua neno la mkopo kuwa hati ya kuthibitisha kwamba kitu chenyewe nacho kililetwa. Kwa kuwa paa na kuezeka ni maneno ya Kibantu, na sakafu ni la Kiarabu, husemwa kwamba nyumba ya makuti ni ya wenyeji na ya mawe ni ya wageni. Hoja hii yafaa kupimwa upya.

Msamiati wa paa la makuti ni mpana. Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, alikwisha kuorodhesha kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma, pamoja na visusi vya ncha mbili, vinavyopandishwa hadi chini ya vipaa hivyo. Makombamoyo hulala juu ya mtambaapanya. Pau hufungwa juu yake, ndipo yakaja makuti.

Nyumba ya mawe haina paa kwa maana hiyo. Boriti za mikoko hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vipande vya matumbawe, kisha kokoto na chokaa inayopigwapigwa mpaka ishikane. Urefu wa boriti ndio uliotawala upana wa chumba, ambao ni nadra kuzidi mita 3. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Aliye chini huliita jambo hili dari. Aliye juu huliita sakafu.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Kwa Kiarabu, saqf ni kifuniko cha nyumba, kiwe cha kitu gani. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alilitumia neno hilohilo kwa mapaa ya nyasi aliyoyataja huko. Mswahili hakulipokea hivyo. Kifuniko cha nyasi alikwisha kuwa na jina lake. Neno geni akalipa kazi ya chokaa iliyoshindiliwa, na kwa kuwa juu ya chokaa hiyo watu hutembea na kuanika, maana yake ikashuka toka kichwani hadi miguuni. Leo hata udongo uliosakafiwa chini kabisa ni sakafu. Mkopo uliobadilishwa kiasi hiki ni ushahidi dhaifu mno wa ufundi uliokopwa.

Wachimbuzi nao wametuletea neno lao. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa Horton wa miaka ya 1980 ulionyesha misikiti ya miti ya karne ya 8 chini ya ule wa mawe, mmoja juu ya mwingine, mahali palepale. Jiwe lilirithi nafasi ya mti.

Na mti haukuondoka. Lamu leo, juu ya sakafu nyingi za kale, pamesimamishwa nguzo na kuezekwa makuti, na fundi ukimwuliza anajenga nini huko juu, hujibu: paa.