Athari ya ushindi

Athari ya ushindi ni hali ambapo kiumbe aliyeshinda pambano moja huwa na nafasi kubwa zaidi ya kushinda linalofuata, naye aliyeshindwa huelekea kushindwa tena. Imeonekana kwa samaki, ndege na panya.

Ushahidi wa kuvutia kuliko wote ulitoka Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, mwaka 2017. Panya wawili waliingizwa katika bomba jembamba, kila mmoja upande wake. Wanapokutana katikati, mmoja husukuma, mwingine hurudi kinyumenyume. Hailan Hu na wenzake walipoamsha kwa mwanga seli fulani za sehemu ya mbele ya ubongo wa panya mnyonge, papo hapo alimsukuma mbabe wake. Misuli yake haikupata nguvu mpya. Alisukuma mara nyingi zaidi na kung'ang'ania aliposukumwa. Walioshindishwa hivyo mara sita au zaidi waliendelea kushinda siku iliyofuata bila mwanga, kwa kuwa miunganisho ya seli hizo ilikuwa imeimarika.

Kwa binadamu, hata kutazama pambano hutosha kubadili homoni. Baada ya fainali ya Kombe la Dunia la 1994, homoni ya testosteroni katika mate ya mashabiki wanaume wa Brazil waliopimwa ilipanda. Ya wenzao wa Italia, walioshindwa, ilishuka.