Tetemeko la Kanto: Uvumi ulivyoua baada ya moto

TETEMEKO lililoikumba Tokyo na Yokohama, Japani, Septemba 1, 1923, lilitokea saa 5:58 asubuhi, majiko yakiwa yamewashwa kwa chakula cha mchana. Kati ya watu wapatao 105,000 waliofariki dunia, wengi waliuawa na moto. Katika uwanja mmoja wa Honjo, walikokimbilia na mizigo yao, waliteketea takriban 38,000.

Ndipo ukazuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Sungusungu waliweka vizuizi barabarani, wakiwataka wapita njia kutamka "yen 15 na sen 50" kwa Kijapani. Matamshi yakipinda, kifo. Maelfu waliuawa, wakiwamo Wachina na hata Wajapani waliodhaniwa Wakorea, na baadhi ya askari walishiriki. Septemba 16, polisi wa jeshi walimuua mwanaharakati Osugi Sakae, mwenzake Ito Noe na mpwa wake wa miaka sita.